Bapa la Kushoto

Barafu ilipofika unene wa kubeba watu, kijiji kizima kiliingiwa na wazimu, kama ilivyo kawaida ya vijiji vyote vya Friesland, kaskazini mwa Uholanzi. Mwalimu mkuu alifunga shule kabla ya mchana. Muuza mikate alibandika karatasi mlangoni: mikate ipo, muuzaji hayupo, jihudumieni. Huku kwetu mtu anaweza kukaa miaka mingi akimsalimia jirani yake kwa kuinua kidevu tu, lakini mfereji ukiganda utamkuta amemshika mkono mtu asiyemjua hata jina, wanavutana mpaka kijiji cha pili na kucheka njia nzima.

Wobbe Dijkema hakuingiwa na wazimu wowote. Alisimama kwenye dirisha la jikoni akiwatazama watu wakiteleza mferejini nyuma ya bustani yake kwa viatu vyenye mabapa ya chuma, kofia za sufu, mashavu mekundu, mikono mgongoni, na akajiuliza kama kahawa ya asubuhi alishakunywa au bado. Kikombe kilikuwa mkononi mwake, kimejaa, na kahawa imepoa.

Mkewe Baukje alikuwa amefariki mwezi wa kumi. Tangu siku hiyo Wobbe alikufa ganzi. Hakulia hospitalini, hakulia kanisani, hakulia makaburini, na watu walimsifu kwa hilo, maana huku mwanamume asiyelia huhesabiwa kuwa na nguvu. Upuuzi mtupu. Mwenyewe alijua hakuwa na nguvu yoyote. Alikuwa hana kitu tu ndani, si majonzi wala nafuu. Aliamka, alinyoa, alichemsha viazi, alilala. Ungemchoma sindano angekuuliza unataka nini.

Na ni katika ganzi hiyohiyo ndipo alipofanya jambo ambalo binti yake hakumsamehe. Wiki ileile ya mazishi alisikia mtu akisema kwamba nguo za marehemu ni bora zitoke mapema. Akasimama, akachukua mifuko, akafungasha kila kitu cha Baukje, magauni, makoti, sweta alizozifuma mwenyewe, akavipeleka kwenye duka la mitumba mjini. Hakuwa na nia mbaya. Aliyafanya hayo kama mtu anayetoa takataka siku ya gari la taka. Jildou alipofungua kabati la mama yake akitafuta kitu cha kunusa, alikuta vining'inizo vitupu.

"Hata aproni?" aliuliza.

"Hata aproni," alijibu Wobbe.

Jildou alifunga kabati taratibu sana. Akarudi zake mjini Groningen, anakofundisha watoto muziki, na tangu hapo maongezi yao yakawa ya kwenye simu tu, mafupi, kama ya watu wanaoulizana ratiba ya basi.

Jildou alipiga tena baridi ilipoanza kukaza, na kama ilivyo adabu ya huku, hakumwambia baba yake "wewe", alimwita "Baba" kama anayemsema mtu mwingine.

"Baba amekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

Wobbe aliitazama sahani. "Viazi."

"Vya jana?"

"Viazi ni viazi, mwanangu."

"Nakuja Jumamosi. Redio imesema mzunguko wa kuteleza kijiji hadi kijiji upo. Nitavaa viatu vya Mama vya barafu."

"Sawa."

"Vipo?"

"Vipo. Vinaning'inia bandani."

"Baba hajavipeleka popote?"

"Nimesema vipo, Jildou."

"Basi asiviguse. Naomba hicho kitu kimoja tu. Asiviguse mpaka nije."

Viatu hivyo vilisalimika kwa sababu Wobbe alivisahau, basi. Lakini havikuwa viatu vya dukani. Alivitengeneza mwenyewe walipokuwa wachumba, yeye akiwa fundi bati kijana wa kuezeka paa na mifereji ya mvua, na hana cha kumpa mchumba isipokuwa mikono. Alinunua buti za ngozi, mabomba membamba ya chuma na mabapa mawili ya chuma cha pua kigumu, akapasua kila bomba kwa chini, akalichomeka bapa humo, akalilehemu kwa urefu wake wote. Ilikuwa kazi safi. Mstari wa lehemu ulinyooka, ukang'aa, na Wobbe aliwaonyesha watu mstari huo kabla hata ya kuwaonyesha mchumba mwenyewe. Baukje aliteleza na viatu hivyo maisha yake yote.

Ijumaa, siku moja kabla binti yake hajafika, Wobbe alikwenda bandani akavitungua. Alikatazwa kuvigusa, ni kweli. Lakini mabapa yalikuwa yamepakwa grisi nene ya kuzuia kutu, kama yapakwavyo kila majira ya kuchipua, na hakuna anayeweza kuteleza na grisi. Alitaka binti yake avikute tayari. Hilo tu ndilo alilokuwa nalo la kumpa. Akajaribu kuipangusa kwa kitambaa, ikagoma, kwa maana ilikuwa imegandamana. Akavileta ndani.

Sasa, kila mtoto wa huku hufundishwa mambo mawili kabla ya kujua kusoma. La kwanza, usipite chini ya daraja barafu ikiwa changa. La pili, usiweke viatu vya barafu kwenye jiko. Lehemu haihitaji moto mkubwa ili iachie, na jiko la kuni likikolea linatosha kabisa. Wobbe mwenyewe alikuwa mhubiri mkuu wa jambo hilo. Zamani mke wa muuza mikate aliwahi kuanika viatu vyake jikoni, bapa likadondoka, na Wobbe akaigeuza kuwa hadithi. Aliisimulia kwenye harusi, aliisimulia kwenye ubatizo, akiigiza yule mama alivyonyanyua kiatu bila bapa na kukitazama. Watu walicheka mpaka machozi. Baukje alicheka pia, kwa kiasi.

Na mtu huyohuyo aliviweka viatu vya mkewe juu ya bamba la jiko, mabapa chini, buti juu, vimekaa bega kwa bega. Alikusudia dakika moja ya kulainisha grisi. Akakaa kitini kusubiri. Akatazama ukuta. Mawazo hayakuwepo, ukuta ndio uliokuwepo, na pale ulipoanza na pale ulipoishia hakuna ajuaye. Kilichomzindua ni harufu ya ngozi.

Alinyanyuka haraka, akashika kiatu cha kulia, akakiinua. Bapa likabaki juu ya jiko.

Mtu mwingine angepiga kelele. Wobbe alisimama na kiatu mkononi, akiliangalia bapa lililobaki limelala ubavu, na matone ya lehemu yakitambaa juu ya bamba la jiko na kung'aa. Alifikiri: Jumamosi ni kesho. Alifikiri: aliomba hicho kitu kimoja tu. Aliyafikiri hayo kwa uwazi kabisa, kama mtu anayesoma habari za mtu mwingine gazetini, na hakusikia kitu kifuani. Hilo ndilo lililomtisha kidogo.

Kiatu cha kushoto kilikuwa kizima. Rangi ya bomba lake ilitoka malengelenge, lakini bapa lilikuwa limeshika.

Bandani kulikuwa na baridi ya kufanya chuma kimeze moto wote, kwa hiyo Wobbe aliamua kulehemu mezani, pale jikoni. Wakati wa uhai wake Baukje asingekubali hata siku moja. Meza yake, na mtungi wa gesi juu yake! Wobbe alitandaza magazeti, akaweka vigae viwili vya paa, akafunga jiliwa la kubania chuma pembeni mwa meza, na mbao ikabonyea. Hakuna aliyemkaripia. Alisubiri kidogo, kana kwamba karipio lingekuja, halafu akaendelea.

Kulehemu vipande vya chuma nyumbani si kazi ya miujiza. Ni usafi na subira. Alikwangua lehemu ya zamani, akapitisha tupa, akapitisha msasa mpaka chuma kikawa cheupe. Akafunga buti kwa matambara yaliyolowa maji ili ngozi isiungue. Akapaka dawa, tindikali ile inayouma puani, maana bila hiyo lehemu hukataa chuma na kuviringika kama maji kwenye mgongo wa bata. Akachomeka bapa, akalikaza kwa waya, akawasha gesi.

Ugumu uko kwenye moto. Bapa la chuma kigumu lina roho yake, na moto ukizidi roho hiyo inatoka. Fundi huitazama rangi. Chuma kikianza kuwa na wekundu wa majani makavu, acha. Kikiwa cha bluu, umekiua. Kitakuwa laini, hakitashika makali tena, na hakuna wa kumlilia. Wobbe alipitisha moto kwenye bomba badala ya bapa, akaupeleka na kuurudisha, akagusisha waya wa lehemu. Ukayeyuka, ukaingia kwenye mwanya wenyewe, ukakimbia toka kisigino mpaka mbele. Akaondoa moto. Mstari ulinyooka kama zamani. Mikono haikusahau chochote, na yeye hakufurahi chochote.

Aliliosha kwa maji ya moto na magadi ili tindikali isilete kutu. Akalipangusa. Kazi ingeweza kuishia hapo, na laiti ingeishia hapo tusingekuwa na la kusimulia.

Aliviweka viatu pamoja juu ya gazeti, na ndipo alipokiona vizuri cha kushoto. Mabomba yote mawili Baukje aliyapaka rangi ya kijani miaka mingi nyuma, rangi ileile ya geti la bustani, na Wobbe alimtania kwamba sasa anateleza na geti. Moto wa jiko ulikuwa umeibambua rangi hiyo. Chini yake ilitokea lehemu ambayo Wobbe hakuitambua. Ilikuwa mbaya. Ilikuwa na mabonge, imefurika pembeni, mahali pengine imekwanguliwa kwa kisu, mahali pengine imerudiwa juu kwa juu. Mwanagenzi wa wiki ya kwanza angeona haya.

"Nani kafanya upumbavu huu?" alisema Wobbe kwa sauti. Pengine fundi wa duka la baiskeli, yule mlevi. Pengine Baukje alikipeleka huko siku moja na kusahau kumwambia. Vyovyote vile, hakutaka binti yake avae kiatu kimoja kizuri na kingine kama tope. Akakifunga kwenye jiliwa. Ataiyeyusha takataka ile yote, aipanguse, aweke mstari wake.

Akawasha gesi. Akapitisha moto. Lehemu haikuyeyuka. Akasogeza moto karibu. Ikakaa vilevile, imekunja uso. Ajabu, maana ile nyingine ilikuwa imeshakimbia zamani kwa moto wa namna hiyo. Wobbe akaufungulia mtungi. Ukingo wa bapa ukaanza kupata ule wekundu wa majani makavu, na bonge moja kubwa karibu na kisigino likaanza kulegea na kumeremeta.

Mlango wa nyuma ulifunguliwa bila hodi, na baridi ikaingia pamoja na Hylke.

Hylke ni jirani wa ukuta mmoja, mstaafu wa kiwanda cha maziwa, mtu mrefu mwenye domo lisilopumzika, jambo ambalo huku kwetu ni nadra na linachosha. Tangu mazishi alikuwa akija kila siku kwa kisingizio kipya. Alikuwa na viatu vyake vya barafu shingoni, na pua yake inachuruzika.

"Nimekuja kuangalia kama unapumua," alisema. "Mtaa mzima unanuka tindikali. Nikasema, ama Wobbe amefufuka ama anajiua, na yote mawili si ya kukosa..." Akaiona meza. Akaona kiatu kwenye jiliwa. "Hicho ni cha Baukje?"

"Cha kushoto. Fundi mmoja mjinga alikiharibu. Nakirudia."

"Ondoa moto."

"Ngoja bonge hili litoke."

"Ondoa moto, Wobbe! Ondoa moto, bwana we! Ondoa!"

Hylke hakuwahi kumpandishia sauti kwa miaka yote ya ujirani wao. Wobbe alivuta mkono nyuma, mshtuko tu. Bonge lililokuwa linameremeta lilitetemeka, likafifia, likawa kijivu tena. Lilikuwa limeteremka kidogo sana upande mmoja. Mengine yote yalibaki yalivyokuwa.

"Sasa una nini wewe?" Wobbe aliuliza.

Hylke alivuta kiti akakaa, na viatu shingoni. Alipangusa pua kwa glavu. "Yule fundi mjinga ni mkeo," alisema.

Wobbe alizima gesi.

"Nilimwapia kwamba sitakwambia," Hylke aliendelea. "Na nimetunza kiapo, tena mimi, unanijua. Jildou alikuwa mdogo, ndiyo kwanza anajifunza kuteleza kwa kusukuma kiti. Wewe ulikuwa juu ya paa la kanisa huko Dokkum. Baukje alikuja kwangu mbio, kiatu mkono huu, bapa mkono huu, uso mweupe. Alikiegesha kwenye jiko, Wobbe. Kwenye jiko! Kama mke wa muuza mikate."

"Baukje?"

"Baukje. Anasema, Hylke, nisaidie, Wobbe akijua ataniimbia wimbo huu mpaka nife." Hylke aliitazama meza. "Ndivyo alivyosema. Nikamwambia lete, dakika kumi nakimaliza. Akagoma. Nionyeshe, anasema, nitafanya mwenyewe, kama mume wangu anaweza basi si jambo la ajabu. Basi nikamwonyesha. Mara ya kwanza ikadondoka. Mara ya pili aliunguza kidole, akatukana, maneno ambayo sikujua kwamba anayajua. Mara ya tatu ikashika. Akakitazama akasema, ni kibaya kama dhambi, nitakipaka rangi."

Wobbe alikumbuka rangi ya geti. Alikumbuka pia kwamba ni majira yaleyale Baukje alipokataa ghafla kunolewa mabapa yake. Nitanoa mwenyewe, alisema, na Wobbe alimwita mkaidi, na akawa mkaidi wa hivyo miaka yote iliyofuata. Kumbe. Kila msimu mwanamke yule alikaa nyuma ya banda na jiwe la kunolea, akilinda siri yake ndogo dhidi ya mdomo wa mumewe.

"Kwa nini haiyeyuki?" aliuliza. Ilikuwa sauti ya fundi. Hakuwa na nyingine ya kutumia.

"Lehemu ya kiwandani kwetu hiyo. Ya vyombo vya maziwa. Haina madini ya risasi ndani yake, utawalisha watoto sumu? Inataka moto mkubwa kuliko hiyo yako." Hylke alivitazama viatu, kimoja kwa kingine. Halafu akayaona matone juu ya bamba la jiko, na akaelewa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akashusha sauti. "Viliwekwa pamoja?"

"Bega kwa bega."

"Na kilichoachia ni..."

"Cha kwangu," alisema Wobbe.

Hylke alikuwa na utani tayari mdomoni, ulionekana kabisa, na Mungu amlipe, aliumeza. Alisimama, akambonyeza Wobbe begani kama mtu anayejaribu kama ukuta umekauka, akatoka.

Wobbe alifungua jiliwa. Alisubiri chuma kipoe, halafu akapitisha kidole gumba juu ya mabonge, toka kisigino mpaka mbele. Hapa Baukje alisita. Hapa alirudia. Hapa alikata tamaa akakwangua kwa kisu, na hapa, ndiyo, hapa ndipo alipoungua kidole, kwa sababu lehemu ilikuwa imeruka pembeni kama imetupwa. Alifika kwenye bonge la kisigino, lile aliloliteremsha yeye Wobbe, na akaondoa kidole. Alikuwa anaogopa. Nguo zilikuwa zimekwenda, aproni ilikuwa imekwenda, na muda mfupi uliopita na hiki kilikuwa kinakwenda, kwa mkono wake, kwa sababu hakikunyooka. Ilikuwa hofu tupu, imechelewa, haina kazi tena, lakini ilikuwa kitu, na mahali ilipokaa kifuani paliuma kama vidole vinavyoanza kupata joto baada ya baridi kali.

Jildou alifika asubuhi kwa basi la kwanza, kofia ya mama yake kichwani. Hiyo aliiokoa kwa kuwa alikuwa ameiazima. Alisimama mlangoni akanusa.

"Jikoni? Baba amelehemu jikoni?"

"Kaa kwanza, mwanangu."

"Viko wapi?"

"Kaa."

Hakukaa. Wobbe alimwambia akiwa amesimama, maneno machache, kwa sababu hayapo mengi ya kusema: niliviweka juu ya jiko, nikasahau, bapa likatoka, nimelirudisha.

Jildou alivua glavu moja. "Nilisema asiviguse."

"Ulisema."

"Nguo. Halafu hivi." Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Baba anataka kusibaki kitu? Ndiyo mpango? Aniambie tu, nijue, nisiwe nakuja."

"Sikutaka," alisema Wobbe. "Nguo zile, sikujua ninachofanya. Hakukuwa na mtu ndani yangu, Jildou. Mpaka sasa hakuna sana."

Hakuwahi kumwambia mtu yeyote sentensi ndefu kama hiyo kuhusu nafsi yake, na wote wawili waliona aibu. Akaenda kuvileta viatu, akaviweka mezani mbele yake, mabapa juu.

"Hiki kiliachia," alisema. "Hiki hakikuachia. Hiki alilehemu mama yako."

"Mama? Kulehemu?"

Akamsimulia. Hakujua kusimulia kama Hylke, aliruka mahali na kurudi, lakini jiko alilitaja, na kidole, na matusi, na rangi ya geti. Jildou alikaa. Aligusa mabonge kwa ncha ya kidole, moja baada ya jingine, kama anayetafuta sauti kwenye kinanda.

"Ni kibaya mno," alisema.

"Kibaya sana," alisema Wobbe. "Nimefanya kazi hii maisha yangu yote, sijaona kibaya kama..." Na hapo sauti ikamkatika. Alitafuta neno lililofuata, likawa halipo. Kilichokuwepo ni maji machoni na kwikwi moja kubwa, chafu, isiyo na heshima, aliyojaribu kuigeuza kikohozi, ikakataa. Jildou alishika mkono wake uliokuwa juu ya gazeti. Hawakukumbatiana, watu wa huku hawajui hayo, lakini aliushika mkono ule na hakuuachia mpaka kahawa ikachemka ikamwagika.

Watu walikuwa wengi mferejini. Kwenye kibanda cha pale darajani walikuwa wanauza supu ya njegere na maziwa ya moto yenye kiungo cha anisi, na muuza mikate, ambaye hakuwa amerudi dukani kwake tangu jana, alikuwa anapuliza tarumbeta vibaya. Jildou alikaa kwenye ukingo wa gati dogo nyuma ya bustani. Wobbe alipiga magoti kwenye barafu akamfunga kamba, akazikaza kwenye kila tundu, kama alivyozoea kumfungia Baukje.

Jildou alisimama, akajaribu uzito huku na huku. Chuma kililia kidogo juu ya barafu. Mbele yake ulikuwa mzunguko mzima wa vijiji, na alitazama chini kwenye miguu yake.

"Vitashika?" aliuliza. "Baba aseme kweli."

Wobbe alikuwa bado amepiga magoti. Alivitazama viatu vyote viwili kwa muda, kama fundi.

"Cha kushoto kitashika," alisema. "Cha kulia nimelehemu mimi."